Muyaka Hakufika Shituru

Mwaka 1837 Mvita, yaani Mombasa, iliingia mikononi mwa Seyyid Said bin Sultan wa Omani, na safari hii mizinga haikuwa na kazi kubwa. Mizinga alikwisha kuijaribu. Alikuja na merikebu zake kutoka Maskati mwaka 1828, akapewa Ngome ya mji kwa maafikiano, na alipogeuza mgongo akina Mazrui, watawala wa mji, wakawatoa askari wake. Akarudi 1829, akarudi tena 1833, akaondoka mikono mitupu. Kilichomfungulia mlango mwishowe ni ugomvi wa ndani. Liwali Salim bin Ahmad alikuwa amefariki, jamaa zake wakagombea kiti, na Thelatha Taifa, zile taifa tatu za wenyeji, Wakilindini wakiwa mbele, hawakumtaka Rashid bin Salim aliyekikalia. Seyyid akaingia katikati ya ufa huo. Wakubwa wa ukoo wa Mazrui wakakamatwa kwa hila, wakapakiwa chomboni hadi Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba, wasionekane tena Mombasa. Walionusurika wakakimbilia Gazi upande wa kusini na Takaungu upande wa kaskazini.

Mjini alibaki mzee mmoja wa miaka kama sitini, aliyekuwa ameiimba dola ya akina Mazrui katika ushindi wake na katika makosa yake. Jina lake Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Mwaka huohuo wa 1837, tarehe 14 Juni, katika mji wa Napoli uliokuwa umeshikwa na kipindupindu, alifariki Giacomo Leopardi, Mwitalia, mshairi na mwanafalsafa, akiwa hajatimiza miaka 39. Alizaliwa Recanati, mji mdogo wa mlimani, nyumbani kwa kabaila mwenye maktaba kubwa na fedha kidogo. Humo maktabani alijifunza Kigiriki na Kiebrania peke yake, na humo alipinda mgongo na kuharibu macho. Mashairi aliyoyaacha hayazidi kitabu kimoja cha wastani, lakini Waitalia huwataja wachache sana juu yake.

Nimewaweka watu hawa pamoja kwa sababu ndivyo walivyonijia. Mimi ni mtu wa Shituru, komini ya mji wa Likasi, Katanga ya Juu, ambako maji makubwa tuyajuayo ni ya mabwawa ya umeme. Leopardi nilikutana naye ujanani, kwa Kifaransa, katika kitabu cha kuazima kisichokuwa na jalada. Muyaka nilimpata nikiwa na mvi, katika fotokopi aliyoniletea jamaa yangu kutoka Nairobi. Yaani mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, aliyebembelezwa na kugombezwa kwa Kiswahili, alimjua kwanza mshairi wa Recanati kisha ndipo akamjua wa Mombasa. Nilipotaka kujua imekuwaje, nikajikuta nafuata njia ndefu.

Tuanze pwani.

Muyaka anasemekana kuzaliwa kama mwaka 1776. Wakati huo akina Mazrui walikuwa wamekwisha kujikata na Omani. Baba zao walipelekwa Mombasa kuwa maliwali wa Maskati, na katikati ya karne ya 18, dola ya huko ilipopokewa na ukoo wa Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, wao walikataa kumtambua bwana mpya. Ngome iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590 ikawa nyumba yao ya utawala. Mji ukawa na taifa kumi na mbili za wenyeji, tisa upande mmoja na tatu upande wa pili, na liwali alitawala kwa kupima mizani kati yao. Mtama na mchele wa kulisha mji ulitoka Pemba. Pembe za ndovu zilitoka bara kwa njia ya Wamijikenda. Majahazi yaliingia na kaskazi yakatoka na kusi.

Ushairi aliourithi Muyaka ulikuwa na makao yake Pate na Lamu, na kazi yake kubwa ilikuwa ya dini: tenzi za Mtume na vita vyake, kasida, mawaidha ya kaburi na ahera. Mwenye kumtafutia Leopardi mwenzake kwa falsafa peke yake angemchukua Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi, aliyesimama mbele ya majumba yaliyobomoka ya mji wake akauuliza moyo wake unategemea nini. Leopardi naye, mwaka mmoja kabla hajafa, alikaa karibu na mlima Vesuvio akatunga shairi refu juu ya ua linaloota katika majivu ya volkeno, pale ambapo miji mizima ilizikwa. Wote wawili walitazama magofu. Sayyid Abdallah aliyatazama akamwona Mungu nyuma yake. Leopardi hakuona mtu nyuma yake, na hilo ndilo alilolisema.

Lakini Leopardi hakuwa mtu wa magofu tu. Alikuwa mtu wa kusema nafsi yake: jioni ya siku ya sikukuu, msichana anayefuma dirishani, ua wa miti unaomzuia kuona upeo wa macho. Kwa hilo mwenzake ni Muyaka. Alichukua shairi la mishororo minne, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane, akalitoa mahali pa sala akaliweka barazani. Tarbia haikuanza naye, ila mikononi mwake ilijifunza kufanya kila kazi. Ilitongoza, ikalalamika njaa, ikatega fumbo, ikamsuta mtu mbele ya watu, ikapeleka ujumbe wa vita. Mapenzi ndani yake si mfano wa kumpenda Muumba. Ni mwanamke fulani, na ni mtu fulani anayemtaka. Kusema hivyo leo ni jambo dogo. Wakati ule ilikuwa kama kuvaa kanzu ya Ijumaa kwenda kuvulia samaki.

Tofauti yao moja ni kubwa, nami siwezi kuipita. Leopardi aliandika kwa ajili ya msomaji aliye peke yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa peke yake. Muyaka alitunga kwa ajili ya mtu atakayemjibu. Shairi lake lilitoka mdomoni, likapita Mji wa Kale hadi bandarini, likapanda chombo, na kabla ya mwezi kuisha jibu lilikuwa limerudi kwa vina vilevile. Aliyemjibu kutoka Lamu ni Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa watu wake na malenga wa kumtosha. Ukiyasoma mashairi ya wawili hao unasikia miji miwili ikitukanana kwa adabu kamili.

Nao walikuwa na la kutukanania. Kama mwaka 1812 jeshi la Mombasa na washirika wake wa Pate lilishuka Shela, kwenye mchanga wa kisiwa cha Lamu. Watu wa Lamu walikuwa wanyonge wa kudharauliwa, au ndivyo Mombasa ilivyoamini. Wakatoka wakapigana, wakawavunja wageni wao, nao wageni walipokimbilia vyombo wakakuta maji yamekupwa. Majahazi yamelala ubavu juu ya mchanga, na bahari iko mbali. Waliofia pale ni wengi, na mifupa yao inasimuliwa Shela mpaka leo. Lamu, ikihofia kisasi, ikamwita Seyyid Said. Akaleta liwali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizwa kama mwaka 1821. Kwa hiyo Mombasa ndiyo iliyomleta Busaidi pwani ya kaskazini, kwa kushindwa vita ambayo haikuwa na haja ya kupigana.

Muyaka alitunga juu ya mambo hayo kama mshabiki. Hilo tuseme wazi. Alitia watu wake moyo, akawadhihaki adui, akawaonya wasaliti. Mtu anayetaka mshairi aliye juu ya ugomvi amtafute kwingine. Ila ushabiki wake una macho. Anaona wanaotoroka. Anaona mji unavyojigamba usiku na kuhesabu watu wake asubuhi.

Baada ya hapo Mombasa ilipungua kidogo kidogo. Kama mwaka 1823 Pemba ilichukuliwa, na pamoja nayo mchele. Mapema mwaka 1824 akina Mazrui, wakijua merikebu za Seyyid ziko njiani, wakatundika bendera ya Uingereza wenyewe, na nahodha William Owen wa manowari Leven, aliyekuwa akipima pwani kwa ajili ya ramani, akaikubali bila kuagizwa na mtu. Akamwacha luteni kijana, Reitz, kuwa mkuu wa mahali. Kijana huyo alikufa kwa homa mwezi Mei mwaka huohuo, baada ya miezi michache tu kazini, na jina lake likabaki kwenye hori la nyuma ya kisiwa: Port Reitz. London haikuutaka mzigo wa Owen. Mwaka 1826 bendera ikashushwa. Wazungu wakaondoka kama walivyokuja, na Mombasa ikabaki na Seyyid Said mlangoni.

Katika mashairi ya Muyaka yanayojulikana zaidi, moja ni lile la kimya. Analitunga kama onyo: mwenye kunyamaza msimdhanie hana neno, mkimwona ametulia jihadharini. Wafasiri wengine wanalisoma kama siasa tupu, wengine kama hekima ya maisha. Kwangu mimi nguvu yake iko katika kwamba halimtaji mtu. Kila anayelisikia anageuka kuangalia nani ndani ya chumba hajasema kitu.

Alifariki mwaka 1840, kwa hesabu inayokubalika. Seyyid Said alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Unguja, na Unguja ikawa kichwa cha pwani yote. Kiswahili cha misafara na baadaye cha vitabu kikawa cha Unguja. Kimvita cha Muyaka kikabaki cha wenyewe.

Mashairi yake hayakuwa kitabu. Yalikuwa vinywani, na machache katika karatasi za watu, kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilipokitumikia Kiswahili zilikuwa na ubahili wake. Herufi moja ya be ilibeba b, p na mb. Alama moja ya chini ilibeba i na e. Andika be mbili, uzitie alama hiyo zote mbili: mmoja atasoma bibi, mwingine atasoma pembe. Kwa hiyo karatasi ilimsaidia yule tu aliyekwisha kulisikia shairi, na waliolisikia walikuwa wakizeeka.

Aliyewahi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, Mmombasa, naye malenga. Alizunguka kwa wazee, akasikiliza, akaandika. Mmishenari Mwingereza, William Taylor, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880, akawa mwanafunzi wake na mshirika wake. Taylor alikuwa na sikio la ajabu. Alibuni alama za kutofautisha t ya menoni na t ya ufizini, na sauti zenye pumzi na zisizo nazo, kwa sababu Sikujua alimwonyesha kwamba Mmvita akichanganya hizo anabadili maana. Kwa haki yote, jina la Sikujua lingestahili kukaa kwenye jalada la Diwani ya Muyaka. Alifariki mwaka 1890.

Upande wa Italia, kazi hiyo ya kuwahi karibu ishindwe. Leopardi aliacha daftari la fikra zake, kurasa 4,526 za mkono wake, alizoanza kuzijaza mwaka 1817 na kuzikomesha mwaka 1832. Ndimo ilimo falsafa yake. Rafiki aliyeishi naye Napoli, Antonio Ranieri, aliziweka kwake miaka hamsini, mpaka alipokufa mwaka 1888, asizitoe. Zilichapwa baada ya hapo, kati ya 1898 na 1900, serikali ilipounda tume ya wataalamu chini ya mshairi Carducci. Basi katika miaka ileile Sikujua alipokuwa akiokota beti vinywani mwa wazee wa Mombasa, falsafa ya Leopardi ilikuwa sandukuni.

Karatasi za Taylor zilikwenda naye Uingereza na mwishowe zikawa mali ya Chuo Kikuu cha London. William Hichens akazipanga, na Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy ikatoka mwaka 1940. Haikutoka Mombasa wala London. Ilichapwa Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika. Mwaka huo na mji huo nitavirudia, kwa sababu hapo ndipo Muyaka alipokuwa karibu na Shituru kuliko wakati mwingine wowote.

Tumuache kwanza, tufuate lugha yenyewe.

Wakati Muyaka anazikwa, misafara ya Unguja na Bagamoyo ilikuwa inaingia bara kwa nguvu mpya: Tabora, Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa. Pembe ilitoka huko, na watumwa. Shaba nayo ilitoka kwetu. Wazee wa Kisanga waliyeyusha jiwe la kijani katika tanuri za udongo wakamimina misalaba ya shaba, mingine yenye uzito wa kilo moja, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Harufu ya mali hiyo ndiyo iliyomleta Ngelengwa, mwana wa Kalasa, Msumbwa wa upande wa Tabora, ambaye historia inamwita Msiri. Kwenye miaka ya 1850 alikaa Katanga asirudi kwao. Akajenga Bunkeya, akaitawala nchi, akawauzia watu wa mashariki na watu wa Angola, akanunua bunduki. Wayeke wake waliingia na maneno ya njiani, Kiswahili kikiwamo. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold, na Bodson akaanguka palepale kwa risasi ya watu wa Msiri. Msafara huo uliotoka pwani ulibebwa na mamia ya wapagazi wa Unguja. Siku Katanga ilipopotea, waliokuwapo walisikia Kiswahili.

Ila si Kiswahili cha barazani. Mpagazi hubeba anachohitaji: maji, moto, njia, mzigo, ngapi, lini. Hakuna aliyebeba tarbia.

Kisha ikaja kampuni. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikamiminwa. Hapo mwanzo lugha ya kazi haikuwa Kiswahili. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia, na wakubwa wao walisema nao lugha ya mchanganyiko iliyotoka migodi ya kusini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ikageuza uso, ikatafuta watu Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, na kwa sababu nyingi, ile ya kuwatenga na Waingereza ikiwamo, Kiswahili kikashika. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyeishi Kolwezi na Lubumbashi, aliviokota vijitabu vya maneno walivyopewa Wazungu wa enzi hizo. Vingi ni amri. Leta, beba, ngoja, fagia, haraka. Lugha iliyomtongoza mwanamke wa Mvita kwa mizani kumi na sita, huku ilifundishwa kwa kitenzi kimoja kimoja.

Shituru ilizaliwa katika wakati huo. Mwaka 1929 kiwanda kilianza kazi, nacho hakiyeyushi kwa moto kama cha Lubumbashi. Hapa jiwe la kijani husagwa, likazamishwa katika asidi ya salfa, na shaba yake ikayeyuka katika maji. Maji hayo yakapelekwa kwenye mabirika. Humo hutundikwa mabamba membamba ya shaba, umeme ukapitishwa, na ile shaba isiyoonekana ikaja kukaa juu ya bamba, siku baada ya siku, mpaka bamba la kushikwa na vidole viwili likahitaji mashine kuliinua. Miaka miwili baadaye Likasi ikapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, tajiri wa Brussels. Mji wenye kambi, kanisa, posho, kapita wa kusimamia kazi, na king'ora.

Sasa turudi mwaka 1940. Ubelgiji imetekwa na Wajerumani, shaba ya Katanga inatakiwa na Waingereza, Shituru inakwenda usiku na mchana. Reli ndiyo kila kitu. Kutoka kusini inaleta makaa ya Wankie, vyuma, unga. Na kusini kabisa mwa reli hiyohiyo, Johannesburg, kiwanda cha chapa kinakunja kurasa za Muyaka. Kati ya kitabu cha Kiswahili na mji uliojaa Waswahili wa kazi kulikuwa na tiketi ya gari la moshi tu. Hakuna aliyeona uhusiano. Kitabu kilikuwa cha wataalamu, Kiswahili chetu kilikuwa cha kapita. Mwaka uliofuata, Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi waligoma kudai mshahara, na tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa Elisabethville. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Miaka kumi na mmoja baada ya hapo alikuja mgeni mwingine kutoka kusini, naye hakuleta kitabu, alileta mashine ya kunasa sauti. Hugh Tracey alifika Jadotville mwaka 1952 akamkuta kijana mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Msiri, katika uzao wa Wayeke. Bosco alicheza kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na ukimsikiliza huwezi kuamini hesabu hiyo. Wimbo wa "Masanga" uliosafiri dunia kutoka siku zile ni wa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki. Gumba linashika besi kama mtu anayetembea, shahada inapiga juu yake sauti inayochelewa nusu hatua, na maneno yanaingia katikati pale yanapopata nafasi. Mizani ya Muyaka haimo. Kuna mizani nyingine, na huihesabu kwa mguu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi, akapiga redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakakaa kitako kumwiga. Hapo nilipofika katika utafiti wangu mdogo nilicheka peke yangu. Pwani ilitupa lugha ikamficha mshairi wake. Sisi tukawarudishia mshairi.

Fotokopi ya Diwani nilimpelekea mzee mmoja hapa kartieni, aliyefanya kazi miaka mingi penye mabirika, mwenye macho yaliyofifia na masikio yasiyofifia. Nikamsomea. Baada ya beti tatu akainua mkono.

"Mwana, hii Kiswahili njo ya wapi?"

"Ya Mombasa, papa. Ya zamani."

"Banasema ndia?"

"Ndiyo, papa. Ndia ni njia. Mato ni macho. Tini ni chini."

Akafikiri. "Basi banasema kama mutoto mwenye hana meno." Kisha akaniambia niendelee.

Nilipofika kwenye lile la kimya hakunikatiza. Nilipomaliza akaniomba nirudie, nikarudia. Akasema kapita wa zamani, wa wakati wa baba yake, hakumwogopa mtu mwenye kelele kazini. Huyo alijulikana atafanya nini. Akaniuliza kama huyo Muyaka alikuwa na kapita. Nikamweleza habari ya Seyyid Said kwa kirefu, na Ngome, na Bandar Abbas. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesimuliwa habari za jirani. Kuhusu Sikujua alitaka kujua zaidi: aliandika vipi, kwa nani, alilipwa? Nilipomwambia kwamba alizunguka kwa wazee, kila mmoja akimpa ubeti anaoukumbuka, akasema hiyo ni kazi ya mabirika. Bamba ni jembamba, shaba iko ndani ya maji, wewe tundika tu na ungoje.

Akaniomba nimwachie karatasi hizo. Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa sekondari, atamsomea jioni. Nikamwachia.

Juma lililofuata nilipokwenda kuzichukua, msichana alizileta mwenyewe, zimekunjwa vizuri ndani ya daftari. Alikuwa amezisoma zote. Popote palipokuwa na ndia alipiga mstari kwa kalamu nyekundu akaandika njia juu yake. Mato akayafanya macho. Tini akaifanya chini, na nti akaifanya inchi, kwa i ya mwanzo, kama tunavyosema sisi. Nikahesabu mizani pale pale nimesimama mlangoni: zilikuwa kama alivyoziacha Muyaka. Vina ndivyo vilivyovunjika, pale mato ilipokuwa mwisho wa mshororo na wenzake watatu wakiishia kwa to.

"Alikosea sana," akaniambia, kwa sauti ya kumhurumia.

Ndani, babu yake alicheka. "Yote amemutengenezea," akasema. "Kimya tu njo alikiacha. Kule hakuona kosa."